Mwosha na Mashabiki

Filamu ilipokwisha, hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Vijana watano walikuwa wamebanana kwenye kitanda kimoja cha bweni jijini Nairobi, mbele ya kipakatalishi kilichoegemezwa kwenye rundo la vitabu vya isimu, na kwa muda wa dakika nzima hapakusikika ila mvumo wa mtambo ule mkongwe. Walikuwa wamemaliza kutazama Freddie Mercury: The Final Act, filamu ya hali halisi iliyoonyeshwa na BBC mnamo Novemba 2021, miaka 30 baada ya kifo cha mwimbaji huyo wa kundi la roki la Queen. Aliyewaalika wenzake ni mwenye kipakatalishi, msichana wa Mombasa aliyekuwa mwaka wa tatu wa masomo yake. Alikuwa shabiki tangu utotoni, tena shabiki wa aina ile isiyojua kupenda nusunusu. Alizijua albamu kwa miaka yake na nyimbo kwa watunzi wake, na alikuwa amesubiri siku nyingi ili awaonyeshe wenzake kwamba mahaba yake hayakuwa ya bure.

Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa kijana mmoja mpiga gitaa.

"Mimi nilikuja kusikiliza muziki," alisema. "Mbona nimepelekwa matangani?"

"Na mbolezi je?" msichana alimrudi kwa haraka ya mtu aliyeguswa pabaya. "Mbolezi si muziki?"

Wa tatu hakucheka. "Muziki haunisumbui," alisema. "Mtu huyu aliyaficha maradhi yake mpaka siku moja kabla ya kufa. Mlango aliufunga yeye mwenyewe kwa mkono wake. Sisi tumeufungua kwa idhini ya nani?"

Ugomvi uliozuka hapo uliendelea hadi usiku wa manane, na haukuwa ugomvi wa bweni hilo peke yake. Kila filamu inayotengenezwa juu ya mwanamuziki aliyefariki huwagawa wapenzi wake mafungu mafungu. Wapo wanaotaka sauti tu, na kila dakika ambayo mtu mwingine anazungumza huihesabu kuwa dakika iliyoibwa. Wapo wanaotaka kila kitu: barua, picha za utotoni, jina la daktari, rangi ya shuka la kitanda alichofia. Na wapo wanaoona haya. Hawa wa mwisho ndio wachache, na aghalabu hawasikiki, kwa kuwa mwenye haya hapigi kelele. Lakini bila wao mjadala wote hugeuka kuwa bei ya tiketi na ubora wa sauti.

Mercury alikuwa na milango mingi iliyofungwa, na maradhi ni mmoja tu. Mwingine, ambao msomaji wa pwani hawezi kuupita bila kuugusa, ni Zanzibar yenyewe. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, na baba yake alikuwa keshia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Akiwa bado mtoto wa shule ya msingi alipelekwa kusoma katika shule ya bweni huko Panchgani, India. Alirejea Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964, kufuatia Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikosomea sanaa, huko ndiko alikobadilisha jina, na baada ya hapo kisiwa alichozaliwa hakukitaja ila kwa nadra sana. Mwaka 1975 kundi lake lilitoa wimbo mrefu ambao ndani yake mna neno ambalo kila mtoto wa pwani hulitamka kabla ya kutia tonge kinywani. Mashabiki wa Mombasa na Unguja hulishikilia neno hilo kama ushahidi wa mahakamani. Huenda wanalibebesha uzito usio wake, kwani mwenye wimbo hakupata kulieleza, lakini nani atawalaumu? Mtoto aliyeondoka bila kuaga hutafutwa hata katika kikohozi.

Filamu iliyoufungua mlango huo kwa mara ya kwanza ilitoka mwaka 2000, ikiitwa kwa jina lenye maana ya hadithi isiyosimuliwa. Watengenezaji wake, Rudi Dolezal na Hannes Rossacher wa Austria, waliianza safari yao Unguja, wakamhoji mama yake, Jer, na dada yake, Kashmira. Yule msichana wa Mombasa aliitazama akiwa shule ya upili, na jambo lililomshika halikuwa tamasha la Live Aid la 1985 ambalo dunia nzima hulisifu. Lilikuwa kuziona zile kuta za chokaa na milango ya nakshi katika filamu ya mwanamuziki wa roki. Aliwahi kuwaambia wenzake kwamba siku ile alihisi kana kwamba amemkuta jamaa yake katika picha ya harusi ya watu asiowajua.

Si wote waliolipokea jambo hilo kwa furaha. Mwaka 2006 mkahawa mmoja wa ufukweni mwa Mji Mkongwe ulipotaka kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya kidini visiwani ilipinga vikali kwa sababu ya maisha aliyoishi marehemu, na sherehe hiyo haikufanyika. Mnamo 2019 jumba la makumbusho yake lilifunguliwa mjini humo humo. Kati ya miaka hiyo miwili kuna umbali wa miaka 13 tu. Mtalii hupiga picha mlangoni akaenda zake, ila mwenyeji hupita mlango huo kila siku, na kupita kwake bila kusema neno nako ni namna ya kujibu.

Hapa panahitajika neno ambalo wahakiki wa filamu huko Ulaya hawana. Waswahili hulitumia neno sitara, na sitara si siri. Siri ni jambo lisilojulikana. Sitara ni jambo linalojulikana na likafunikwa kwa heshima. Maiti husitiriwa: huoshwa chumbani, nyuma ya shuka, na watu wachache wanaoaminika, na lolote watakaloliona juu ya mwili ule halitoki nao nje. Ndipo wahenga waliponena kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Methali hii haisemi kwamba maiti hana aibu. Inasema kwamba yupo mtu mmoja aliyeiona, na kwamba utu wa mtu huyo hupimwa kwa kinywa chake.

Sasa tumtazame Dolezal. Tarehe 30 Mei 1991, yeye na mwenzake walikuwa studioni London wakipiga picha za video ya wimbo ambao kamera ilimnasa Mercury kwa mara ya mwisho. Mwimbaji alikuwa amekonda mno, rangi za uso zimepakwa kwa wingi ili kufunika, na video yenyewe ikatolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Weusi ule na weupe ule ulikuwa shuka. Kilichokuwa nyuma yake waliokuwamo studioni walikiona, watazamaji hawakukiona. Baadaye, marehemu akiwa kaburini, au tuseme akiwa majivu mahali ambapo kwa ombi lake hapakutangazwa, picha za rangi za siku ile zikaja kuonyeshwa katika filamu nyingine. Ngozi ikaonekana, na macho yakaonekana. Kuna mashabiki waliolia kwa shukrani, wakisema kwamba sasa ndipo walipoelewa ushujaa wa kusimama mbele ya kamera katika hali ile. Kuna wengine waliofumba macho. Wote wawili walimpenda mtu yule yule.

Usiku ule bwenini, kijana wa nne, mwanafunzi wa fasihi simulizi, alileta hoja ambayo hakuna aliyeitarajia. Aliwakumbusha Fumo Liyongo. Shujaa yule, ambaye naye alikuwa mshairi na bingwa wa gungu, alikuwa na siri moja tu: kwamba chuma hakimuui, ila sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo aliitoa mwanawe mwenyewe. Na baada ya kuchomwa, Liyongo alipiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa hivyo hivyo, na watu wakakosa kuteka maji siku kadhaa kwa kuogopa maiti waliyemdhani hai.

"Mbona hatusemi mtunzi wa utendi alimvunjia Liyongo heshima?" kijana aliuliza. "Siri ile ndiyo utendi wenyewe. Iondoe, utabaki na jitu lenye nguvu tu."

Hoja nzuri, ila ina tundu. Siri ya Liyongo ilikuwa udhaifu wa mwili wake peke yake, na kuitoa kulimdhuru yeye. Siri ya mgonjwa wa UKIMWI katika miaka ya 1980 haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya kizazi kizima, na kila aliyeificha, hata akiwa na haki kamili ya kuificha, aliwaacha wengine gizani na upweke wao. Magazeti ya udaku ya London yaliweka waandishi nje ya nyumba ya Mercury, yakisubiri mgonjwa atokeze, si kwa kumwonea huruma, bali kwa kuwa sura iliyokonda iliuza nakala. Katika hali hiyo kujifungia ndani kulikuwa kujihami. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana UKIMWI na kwamba alinyamaza ili kuwalinda waliokuwa karibu naye. Kesho yake akafariki, akiwa na umri wa miaka 45. Mficha maradhi, kilio kitamfichua: yeye alikitangulia kilio kwa siku moja.

Afrika Mashariki ilikuwa na mwanamuziki aliyechagua njia nyingine, na ajabu ni kwamba wengi wa vijana wale bwenini hawakulijua jina lake. Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda, aliyekuwa akiishi na kufanya muziki Uswidi, alijitokeza mwaka 1989 akasema hadharani kwamba ana UKIMWI. Alizunguka mashuleni na makanisani akizungumza na kuimba. Jambo la kusikitisha ni jinsi baadhi ya mashabiki wake walivyompokea mwanzoni: hawakumwamini. Walimwona bado mnene, bado anacheza, wakasema anatafuta fedha, wakasema anataka kuuza kanda. Ilibidi mwili wake uanze kuporomoka mbele ya macho yao ndipo wasadiki. Kamera zilimfuata kwa idhini yake mpaka mwishoni, naye akafariki Kampala tarehe 15 Desemba 1989. Filamu juu yake ilionyeshwa mwaka 1990. Anayeitazama leo hawezi kuuliza mlango umefunguliwa kwa idhini ya nani, maana ufunguo uko mkononi mwa mgonjwa mwenyewe na anautikisa. Hata hivyo ni vigumu zaidi kuitazama kuliko zote zilizotajwa hapa. Inaelekea mtu akituondolea mwenyewe shuka, haya hutuhamia sisi.

Kwa Wakenya, ugonjwa ulitambuliwa nchini mwaka 1984, na serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Miaka 15 hiyo ni mirefu. Ndani yake watu walizikwa kwa majina ya kifua, homa, tumbo, na kurogwa. Riwaya za Kiswahili zilizokuja kulikabili jambo hili waziwazi, mathalani Ua la Faraja ya William Mkufya ya mwaka 2004, zilifika wakati familia nyingi zilikwisha kuzoea kunyamaza. Waliozaliwa baadaye walirithi picha ukutani ya mjomba au shangazi ambaye akiulizwa habari zake, wakubwa huanza kuzungumzia chakula.

Sifa kubwa ya The Final Act, kwa maoni ya mwenye kipakatalishi, na hapa ana haki, ni kwamba haimwachi Mercury afe peke yake. Inawaleta wanaume na wanawake wa kawaida, wasio na albamu wala sanamu, ambao miaka ile ile walipimwa wakaambiwa wana virusi au waliwazika wapenzi na marafiki zao. Halafu inasimulia tamasha la kumuenzi lililofanyika uwanja wa Wembley tarehe 20 Aprili 1992 mbele ya watu 72,000, na jinsi fedha zake zilivyoanzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI. Mwaka 2022 ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kijana mpiga gitaa aliyelalamika kuhusu matanga hakukosea kuyaona matanga. Alikosea kudhani kwamba ni ya mtu mmoja. Filamu ya kubuni ya mwaka 2018, ambayo yeye aliipenda zaidi, ilimfanya mwimbaji awaambie wenzake habari za maradhi yake kabla ya tamasha la 1985, ilhali kwa ushahidi wa waliokuwa karibu naye yeye mwenyewe alikuja kujua mwaka 1987. Waliitaka siri ipande jukwaani ikasaidie kuimba. Hilo ndilo la kumkasirisha shabiki, kuliko hata picha ya ngozi iliyokonda.

Chuo kilipofungwa, msichana alirudi kwao Mombasa na kipakatalishi chake. Nyumba ni ile ya Mji wa Kale yenye ngazi nyembamba, na katika nyumba hiyo nyanya yake ndiye mwenye kiti cha dirishani. Kizee hakujali muziki wa roki, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabia fedha tu. Lakini aliposikia kwamba mtu huyo alizaliwa Unguja, aliuliza ni wa nyumba gani, akasogea. Mjukuu alimtafsiria kadiri alivyoweza, akiruka pale aliposhindwa kutamka mbele ya mkubwa.

Alipotokea Kashmira akizungumza, nyanya aliinua mkono.

"Na huyu ni nani?"

"Dadake, nyanya."

"Yuwasema nini?"

Mjukuu alimweleza: anamzungumzia nduguye na ule ugonjwa. Nyanya alitazama ule uso mpaka ukaondoka kwenye kioo. Baadaye, bila kuulizwa, alianza kuzungumza juu ya mwanawe, yule wa picha ya ukutani, ambaye mjukuu aliambiwa tangu utotoni kwamba alikufa kwa kifua.

"Babu yako ndiye aliyemwosha," alisema. "Yeye na mwalimu wa madrasa. Alipotoka mle chumbani alipita hapa, hakunitazama. Si siku ile, wala arubaini. Amekufa hajaniambia kitu, na mimi sikumuuliza."

Msichana hakujua aseme nini. Mwanafunzi aliyegombana hadi usiku wa manane juu ya haki ya kufungua milango alijikuta anashika kipakatalishi kwa mikono miwili kama sinia lenye vikombe.

"Huyu mwimbaji," nyanya aliendelea, "na pesa zote zile, walikosa dawa ya kumpa?"

"Haikuwapo, nyanya. Zile dawa za kuchanganya zilizowafanya watu waishi zilianza kutumika mwaka 1996. Yeye alifariki 91."

Nyanya alinyamaza, vidole vyake vikitembea juu ya ushungi kama anayehesabu.

"Mjomba wako tulimzika 95," alisema.

Nje mwuza kahawa alipita akigonga vikombe. Nyanya aliuvuta ushungi, akakigeuza kiti chake kidogo kuelekea kwenye kioo.

"Nirudishie pale, mwanangu. Pale dadake aliposema."